Usinunue matela kwa macho

Ndugu msomaji, mbele ya kuendelea na ukurasa huu, jiulize swali moja: matela unayolalia leo uliinunua mwaka gani? Najua wengi watakaa kimya. Mwaka wa kununua radio unaujua. Mwaka wa kinga unaujua. Mwaka wa kuezeka nyumba unaujua, pamoja na hesabu ya mabati na bei ya kila bati. Lakini mwaka wa matela, hapana. Matela iko pale tu, kama ukuta. Ilikuja siku moja juu ya kichwa cha kijana wa sokoni, ikaingia chumbani, na tangu siku ile hakuna aliyeiuliza habari.

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, viatu vya usalama, miwani na maski ya vumbi. Vyote hivyo vinakulinda katika masaa nane ya kazi. Lakini kuna masaa mengine nane, yale ya usiku, ambayo hakuna kapita anayepita kuangalia unalala juu ya nini. Fanya hesabu: masaa nane kila usiku, katika miaka kumi ni masaa 29,200. Hakuna kiti, hakuna kamio, hakuna mashine uliyokaa nayo masaa mengi namna ile. Na mwili unaoingia kitandani kisha miaka 55 au 60 si mwili ule ulioingia kazini na miaka 20.

Nasema hivi hasa kwa wale wanaokaribia pansioni, na kwa wale ambao wamekwisha kuingia. Siku ya kupokea hesabu ya mwisho, pesa ikiwa mkononi, tunaona jambo moja likirudi kila mara. Mzee ananunua televizio. Ananunua viti vya saluni, vile vikubwa vinavyojaza mlango. Anamsaidia mtoto, anamsaidia shemeji, anaweka msingi wa nyumba ya pili. Yote ni mazuri, simkatazi mtu. Lakini usiku anarudi juu ya matela ile ile yenye shimo katikati, shimo lenye umbo lake mwenyewe, na asubuhi anaamka ameshika kiuno. Kisha anatuambia: «Ni uzee tu.» Nusu ya uzee huo ungeweza kuuacha katika magazini ya matela, kama ungejua namna ya kuchagua.

Tuanze na neno linaloharibu migongo mingi hapa kwetu. Watu wanasema: «Mgongo unauma? Lala juu ya kitu kigumu.» Wengine wanatoa matela kabisa na kulala juu ya mbao au mkeka sakafuni. Neno hilo tulilisikia kwa wazee wetu, na hata waganga wengi wa zamani walilisema. Mimi mwenyewe nililiamini. Nilinunua matela ngumu kuliko zote, nikajisifu kwa majirani kwamba mtu hawezi kuizamisha hata akiirukia. Mwezi wa kwanza mabega yaliuma, mwezi wa pili nyonga, na mama wa nyumba yangu akahamia kimya kimya chumba cha wajukuu. Hakunigombeza. Alichukua bulangeti lake tu, akaenda. Ndipo nikaanza kuuliza wenye kujua.

Mwaka 2003, gazeti la waganga linaloitwa The Lancet lilitoa kazi iliyofanywa Hispania. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi, wakawagawanya kwa bahati nasibu: hawa walipewa matela ngumu, wale matela ya ugumu wa katikati, na hakuna aliyeambiwa amepata ya namna gani. Kisha siku 90 waliwaangalia tena. Wale wa matela ya katikati ndio walipata nafuu zaidi: maumivu yalipungua wakiwa kitandani, yalipungua wakati wa kuamka, na kazi za mchana ziliwasumbua kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo si laini, na si mbao. Ni katikati.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Uti wa mgongo haukunyooka kama reli. Una mikunjo: unaingia ndani kwenye shingo, unatoka nje kwenye mgongo wa juu, unaingia tena kwenye kiuno. Ukilala chali juu ya mbao, matako na mabega yanagusa, lakini kiuno kinabaki kinaning'inia hewani usiku kucha, na nyama zake zinafanya kazi ya kukishikilia wakati zingepaswa kupumzika. Ukilala juu ya matela laini kupita kiasi, matako yanazama, mwili unapinda kama kamba ya kuanikia nguo, na nyama zile zile zinalia. Ukilala ubavu, ni bega na nyonga ndivyo vinavyobeba kilo zote. Kijana ana nyama na ngozi nene ya kuvumilia. Kwa mzee, nyama imepungua, ngozi imekuwa nyembamba, na vile visahani vilivyo kati ya mifupa ya mgongo vimepoteza maji yake. Anahitaji kitu kinachokubali bega liingie kidogo, huku kikizuia kiuno kisianguke.

Sasa fikiri juu ya kazi tuliyofanya. Aliyekaa miaka 25 akiongoza kamio kubwa katika shimo la wazi kule Kolwezi, au bildoza, mgongo wake ulitikiswa kila siku, na waganga wa kazi wanajua vizuri kwamba mtikisiko wa namna hiyo unaleta maumivu ya kiuno. Aliyeshuka chini ya udongo Kipushi alifanya kazi ameinama. Aliyeshika mashine ya kutoboa mawe, mabega yake hayakusahau. Na mama aliyebaki nyumbani, je? Alibeba maji, alibeba gunia la makala, alibeba watoto mgongoni mmoja kisha mwingine, alitwanga. Yeye hana pansioni ya mgongo, lakini mgongo anao. Ndiyo sababu nasema wazi: mwanamume anayekwenda peke yake kununua matela ya watu wawili anafanya kosa. Kama baba ana kilo 90 na mama ana kilo 55, matela inayomfaa mmoja inaweza kumtesa mwingine. Nendeni wawili. Mkiona hamkubaliani, si aibu kuweka matela mbili nyembamba kando kwa kando katika kitanda kimoja, kila mtu na yake, shuka moja juu. Hakuna mgeni atakayejua.

Tuingie sasa magazini. Matela nyingi zinazouzwa katika miji yetu, ziwe zimetengenezwa hapa au zimevuka mpaka Kasumbalesa, ni za musi. Za resori zipo pia, kwa bei kali. Muuzaji atakuonyesha nini? Atakuonyesha kitambaa. Maua, rangi ya dhahabu, nyuzi zinazong'aa. Atakuonyesha unene: «Baba, hii ni santimetre 25!» Kitambaa hakikubebi. Na unene peke yake haukubebi pia, kwa sababu musi nyepesi ya santimetre 25 itakaa chini mbele ya musi nzito ya santimetre 15.

Kitu cha kuuliza ni uzito wa musi katika kipimo cha metre moja pande zote tatu. Ikiandikwa 20, maana yake kipande cha metre moja kwa moja kwa moja kina kilo 20. Musi ya chini ya 20 ni ya mtoto, au ya mgeni wa siku mbili. Kwa mtu mzima anayelala kila usiku, tafuta 28 au 30 na zaidi, hasa kama wewe ni mtu wa mwili mkubwa. Lakini kumbuka: namba hii haisemi kama matela ni ngumu au laini. Inasema kama itadumu. Kuna musi nzito iliyo laini, na kuna musi nyepesi iliyo ngumu siku ya kwanza, lakini kisha miezi sita imekwisha.

Na kama muuzaji hajui namba, au anakutajia namba kutoka hewani? Chukua metre yako na uombe mizani. Pima urefu, upana na unene, zidisha. Matela ya santimetre 190 kwa 140 kwa 15 inakaribia nusu ya kipimo kile, yaani 0.4. Kama musi ni ya 20, matela yote itakuwa na kilo 8 hivi. Kama ni ya 30, itakuwa na kilo 12. Ukiinyanyua na kuona kilo 6, jua unanunua hewa iliyofunikwa maua. Muuzaji atacheka akikuona na mizani. Mwache acheke, pesa ni yako.

Lakini ngoja, kuna ujanja mwingine. Kuna matela ambazo ndani yake ni vipande vidogo vya musi ya zamani vilivyogandishwa pamoja kwa gundi. Hizo ni nzito sana, mizani itafurahi, lakini mara nyingi ni ngumu kama kiti cha kamio, na gundi ikiwa mbaya vipande vinaanza kuachana. Sisemi ni kitu kibaya siku zote. Chini ya musi nyingine safi kinaweza kusaidia. Nasema ujue unacholipia. Kwa hiyo, kama kuna zipu, fungua. Angalia ndani: rangi moja au mchanganyiko? Kipande kimoja au mabaki? Kama hakuna zipu na muuzaji hataki ufungue hata pembe moja, kuna magazini nyingine.

Angalia pia mishono na pembe. Doa jeusi dogo dogo kama pilipili, katika mkunjo wa kitambaa, ni alama ya kunguni, na matela «mpya» nyingine zimekwisha kulaliwa na mtu kisha zikavikwa kitambaa kipya. Nusa. Harufu ya musi mpya ni kali, inapotea kisha siku chache madirisha yakiwa wazi. Harufu ya mkojo wa zamani na ukungu haipotei.

Kisha kuangalia, lala. Hapo ndipo wazee wetu wanashindwa. Mzee mwenye heshima zake, mbele ya watu, avue viatu na kulala magazini kama mgonjwa? Anaona haya. Anabonyeza kwa ngumi mara mbili, anatikisa kichwa kama fundi, analipa. Ngumi yako haina mgongo, baba. Vua viatu, lala chali, kaa pale dakika kumi au kumi na tano, si sekunde kumi. Pitisha mkono wako chini ya kiuno. Kama mkono unapita kama treni katika handaki, nafasi kubwa imebaki, matela ni ngumu kwako. Kama mkono hauwezi kupita kabisa na unasikia matako yamezama, ni laini kwako. Kama unapita kwa kusukuma kidogo, umekaribia. Sasa lala ubavu, ule unaolalia siku zote. Mwambie mama au mtoto asimame nyuma yako na kuangalia: mfupa wa mgongo unakwenda sawa kutoka shingo mpaka matako, au umepinda? Bega lako linalia? Kisha jaribu kugeuka upande wa pili. Mzee anayezama katika matela laini anageuka kwa shida, anaamka kila anapogeuka, na asubuhi anasema hakulala. Mwishoni, kaa pembeni kama mtu anayevaa viatu. Pembeni ikianguka na kukutelezesha, hiyo si matela ya mtu anayeamka usiku mara tatu kwenda choo.

Kama watoto wako wa mjini au wa ng'ambo wanataka kukununulia matela, asante kwao, Mungu awabariki. Lakini waambie wakupeleke na wewe. Nimeona matela za zawadi, nzuri kuliko zote, zikisimama wima nyuma ya mlango miaka miwili, kwa sababu baba hakutaka kusema kwamba zinamuumiza.

Matela imefika nyumbani. Kazi haijaisha, sababu matela ni nusu tu, nusu nyingine ni kitanda. Wengi bado wana vile vitanda vya chuma vya nyavu, na nyavu zimelegea zikawa kama bembea. Ukiweka matela mpya juu ya bembea, umenunua bembea mpya. Kama huna pesa ya kubadili kitanda, weka ubao wa triplex juu ya nyavu, toboa matundu kumi na tano au ishirini ili hewa ipite, kisha matela juu. Kama kitanda ni cha mbao, angalia vipande vya chini: vikiachana kupita upana wa mkono, musi inaingia katikati na kukatika. Ongeza vipande, haina bei kubwa kwa seremala.

Pima na urefu. Kaa kitandani, matela ikiwa juu: nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yawe sawa na nyonga, au chini yake kidogo. Kwa watu wengi ni santimetre 45 mpaka 50 kutoka sakafuni. Kitanda cha chini sana kinakulazimisha kuvutwa kama gunia. Cha juu sana kinakuangusha usiku. Matela nene juu ya kitanda cha zamani inaweza kukipandisha kupita kiasi bila wewe kuwaza. Angalia pia kama chandarua bado kinafika kuingia chini ya matela pande zote. Kikibaki kinaning'inia, mbu atakushukuru.

Na ile plastiki, itoe! Najua inatunza matela isichafuke. Najua mama anasema ikitolewa wajukuu watamwaga maji. Lakini plastiki inashika jasho, inateleza, inapiga kelele kila unapogeuka, na chini yake unyevu unaleta ukungu. Shona mfuko wa pamba wenye kufuliwa, ni dawa bora. Kila mwezi wa pili au wa tatu geuza matela: kichwa kiende miguuni, na kama pande zote mbili ni sawa, juu iende chini. Usiifue kwa ndoo za maji. Musi haikauki ndani, inaoza.

Sasa neno la usalama, na hapa nitasimama kidogo, kwa sababu si juu ya mgongo tena, ni juu ya roho. Katika mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna baridi, nyote mnajua. Wazee damu yao haichemki tena, na nyumba nyingi zinaingiza mbabula chumbani, karibu na kitanda, mlango umefungwa. Mbabula ya makala inatoa gazi ya karbone ambayo haina harufu na haina rangi. Mtu anasikia joto zuri, kichwa kinauma kidogo, analala, na hafiki asubuhi. Hiyo ya kwanza. Ya pili: musi ya matela inashika moto upesi sana, na moshi wake ni sumu, ndani yake kuna gazi ile ile ya karbone pamoja na sianidi. Shuka ikianguka juu ya mbabula, au mshumaa ukianguka wakati umeme umekatika, chumba kinaweza kujaa moshi mweusi mbele mzee hajapata viatu vyake. Mbabula ibaki nje. Kama unataka joto, jaza chupa maji ya moto, funga vizuri, izungushe kitambaa, iweke miguuni. Ongeza bulangeti chini yako, si juu tu, maana baridi inapanda kutoka chini pia. Mshumaa, usimamishe katika sahani yenye mchanga, mbali na kitanda, au tumia taa ndogo ya betri. Na sigara kitandani, hata moja, hapana. Mtu ambaye miaka 30 hakuwasha sigara karibu na baruti anawezaje kuiwasha juu ya musi?

Namna ya kulala nayo ina neno. Ukilala ubavu, weka mto mdogo kati ya magoti, utaona kiuno kinapumua. Ukilala chali, uweke chini ya magoti. Wenye vumbi la mawe katika mapafu, na wenye moyo uliochoka, hawawezi kulala chini sawa. Wanahitaji kichwa na kifua juu. Badala ya kulundika mito minne inayovunja shingo, pandisha miguu ya kitanda ya upande wa kichwa juu ya vipande vya mbao vyenye nguvu. Kama kila mwezi unahitaji kupanda zaidi ili upate pumzi, hiyo si kazi ya seremala, nenda kwa mganga. Wakati wa kuamka, usiruke kama kijana aliyechelewa posti ya asubuhi. Geuka ubavu, teremsha miguu, sukuma kwa mikono, kaa dakika moja, kisha simama. Wanaomeza dawa za presha washike neno hili sana, kwa sababu damu inachelewa kupanda kichwani na chumba kinazunguka.

Tena, matela haiponyi kila kitu. Kuna mgongo ambao hata matela ya mfalme haitautuliza. Kama maumivu yanakuamsha kila usiku hata ukibadili upande, kama unapungua kilo bila sababu, kama kuna homa na jasho la usiku, kama miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, kama mkojo au choo havishikiki tena, usiende magazini, nenda hospitali, na kwa mambo haya mawili ya mwisho nenda siku hiyo hiyo. Kifua kikuu kinaweza kuingia katika mifupa ya mgongo, na mapafu yaliyokula vumbi la mawe kazini yanakipokea kwa urahisi kuliko mengine. Kwa wanaume wazee, ugonjwa mbaya wa prostati nao unaweza kujitokeza kwanza kama maumivu ya kiuno. Mambo haya yakionekana mapema yana dawa. Yakifichwa chini ya matela mpya, yanakomaa.

Utaniuliza pesa. Ni haki yako. Tuseme matela nyepesi inauzwa dola 60 na inakaa chini kisha miaka miwili. Nzito inauzwa dola 150 na inakubeba miaka minane. Katika miaka minane utanunua ile nyepesi mara nne, yaani dola 240, na nusu ya usiku hizo umelala katika shimo. Maskini hulipa mara nyingi kwa sababu hawezi kulipa mara moja, hilo nalijua na silichezei. Kwa hiyo, wewe ambaye bado uko kazini na una miaka mitatu au minne mbele ya pansioni, anza sasa kuweka kidogo kidogo, au ingia katika likelemba na wenzako, zamu yako ikifika isiishie katika sherehe ya jamaa. Na wewe ambaye umekwisha kutoka, kama pesa ya matela kubwa haipatikani, nunua ya mtu mmoja iliyo nzuri kuliko ya watu wawili iliyo mbaya, na umwachie yule ambaye mgongo wake unauma zaidi. Katika nyumba nyingi nitakazotaja kimya kimya, huyo si baba.

Inabaki matela ya zamani. Usiichome uani, moshi wake nimekwisha kuusema. Usiwape wajukuu walalie lile shimo lako, migongo yao bado inakua. Kata zile pande ambazo hazikulaliwa, mara nyingi ni za miguuni na pembeni, zioshe, zianike juani siku tatu, na ushonee viti vya uani mito. Vilivyokaa chini katikati peleka kwa fundi wa kinga au wa moto, anatafuta kila siku kitu cha kufutia mafuta mikononi.

Ukienda magazini Jumamosi hii, vaa soksi zisizo na tundu.